Kilichobaki

Jumapili jioni, redio ikisoma hali ya hewa ya Karelia,
nafungua kisanduku chake: siku saba, vyumba vinne kila siku.
Cha adhuhuri hakina mpangaji.
Nimeweka humo kifungo cha shati lake
kisije kikaona upweke.

Aspirini kwanza, ndogo kama punje ya mtama.
Kisha mwenzake wa kuzuia damu isigande:
mwaka mzima, usiruke hata siku moja,
kwa ajili ya ule wavu wa chuma
waliomwingizia kupitia kifundo cha mkono.
Cha mafuta, usiku.
Cha presha, cha pili, maana cha kwanza
kilimkohoza hadi mbwa akahamia barazani.
Na kile cha kupunguza mbio za moyo,
rangi ya waridi, na mstari katikati
kama kitu cha kugawana.

Ilikuwa Februari, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Taisto alikuwa akisafisha njia ya gari.
Nilipochungulia, koleo lilikuwa wima kwenye theluji
naye ameketi kando yake
kama mtu aliyekumbuka jambo.
"Hilkka," alisema, "farasi amenikalia kifuani."
Miaka thelathini ya lori la magogo
hakuwahi kuniambia hata kwamba jino linamuuma.

Kule Joensuu daktari, binti mdogo, mikono imekauka kwa sabuni,
alichora moyo nyuma ya karatasi ya chakula
akatia penseli kwenye kona.
"Hapa pamekufa. Hapatarudi.
Dawa hazifufui. Zinalinda kilichobaki."
Karatasi ile iko kwenye droo ya vijiko.

Nami nimewahi kusema mwanamume huyu ana moyo wa jiwe.
Nimewahi kumwambia apige moyo konde,
mwaka ule tulipomzika Lahja.
Maneno yetu yamejaa mioyo,
wala hakuna hata mmoja uliokuwa na ukubwa wa ngumi
na kona iliyotiwa penseli.

Aprili paa likaanza kudondosha maji.
Chini ya dirisha la jikoni, madoa ya waridi.
Nikadhani ndege, nikamlaani paka wa jirani.
Nikainama.
Kimoja kizima. Kingine kimevimba kama chokaa.
Vingine vimeyeyuka, limebaki doa tu.
Nilihesabu hadi kumi na tisa, nikaacha.

Nilimkuta akipasua kuni za sauna.
Nikafungua kiganja, sikusema kitu.
"Vinanitia uzito," akasema. "Vidole baridi kama vya maiti.
Kilima cha kanisani nakipanda kama mzee."
"Wewe ni mzee."
"Na usiku..." akaanza,
akanyamaza, akatazama viatu.
Nami nikatazama viatu.
Hapo nikatamani kumuuliza yule daktari
aibu ina miligramu ngapi.

Muuguzi Inkeri hakushangaa.
"Wengi hutupa. Wewe angalau umetupa karibu."
Akampigia daktari simu, dozi ikawa nusu.
Ule mstari wa katikati ukapata kazi.
"Lakini usikiache tena ghafla," alisema.
"Moyo uliozoea breki, ukiachiwa mteremkoni..."
Hakumaliza. Taisto ameshusha magogo milima mingi;
alivua kofia, akaipangusa, ingawa haikuwa na kitu.

Sasa saa kumi na mbili na nusu asubuhi anakivunja kwa kisu cha siagi,
nusu ya leo, nusu ya kesho,
unga anauokota kwa ncha ya ulimi.
Usiku, akishalala, naweka sikio mgongoni pake.
Du.
Kimya kirefu cha kutisha.
Du.
Zamani nililala bila kuhesabu.

Jana tulipanda kilima cha kanisani.
Tulisimama mara mbili.
Mara ya pili, niliyeomba kupumzika
nilikuwa mimi.