Mtoto wa Meza

Nilikuwa karani wa hati za ardhi
mjini Oni, milimani, ambako theluji
huingia Novemba kama mgeni asiye na nauli ya kurudi.
Meza yangu ilikuwa ya mjozi,
na meza ilikuwa na mtoto.

Mtoto yule hakulia. Alifunguliwa tu,
inchi tatu, usawa wa kitovu changu,
na aliyesimama mbele yangu alielewa.
Mkono mtupu haulambwi, tuliambizana makarani,
tukacheka, tukipuliza vidole.
Alikula noti. Alikula jibini, soksi za sufu,
pete moja ya ndoa,
na siku moja, kwa Bi Darejani
aliyefuata hati ya shamba la marehemu,
alikula jozi, kikombe kizima cha jozi,
maana mama yule hakuwa na kingine.
Nilizivunja jioni kwenye bawaba ya mlango.
Hati nilimwambia kesho.

Kisha akaja Ivlita.
Alikuja kwa treni ya viti vya mbao,
Waziri Mkuu wa siku arobaini, ana mafua,
koti limepungua kifungo.
Akapanga foleni. Hatukumjua; picha zake
zilikuwa zimekwama forodhani
zikisubiri chochote.
Saa tatu nzima nyuma ya mchunga kondoo.
Zamu yake ilipofika nikamfungua mtoto,
kwa mazoea, macho yangu dirishani.

Ningependa kusema alinguruma.
Wajukuu wangu wangependa hivyo.
Aliinama. Mtaka cha mvunguni:
alipiga magoti kwenye matope ya viatu vya watu,
akamchomoa mtoto mzimamzima,
akamwaga juu ya meza
sarafu, vifungo, ganda la jozi.
"Hivi ni vya nani?" akaiuliza foleni.
Foleni ikatazama theluji.
Akauliza tena.
Akauliza mpaka taa zikawashwa
na Bi Darejani, sauti kama uzi, akasema:
"Ganda ni langu."

Majira yale maseremala walizunguka nchi,
mahakamani, polisi, hospitalini, bandarini,
wakiwang'oa watoto wa meza.
Shule zilipata kuni hadi Machi.
Tulimchukia. Mke wangu aliuza cherehani.
Mji mkuu walimrushia mayai;
alijifuta, akauliza bei yake siku hizi.
Lakini mshahara ukafika tarehe moja,
ukafika tena, na tena,
nasi tukaanza, kwa aibu, kuuzoea.

Alishindwa uchaguzi wa tatu, kwa kura chache.
Yuko kwao, anafuga nyuki, hajibu barua.
Hati sasa hutoka kabla yai halijaiva.
Vijana kaunta ya pili hawajui
kwamba zamani tulilipia hata kusalimiwa;
nikiwasimulia, wanadhani nimeanza kuzeeka vibaya.

Jana seremala amekuja kupima meza mpya,
penseli sikioni.
"Tuiwekee mtoto, mzee? Wa kalamu tu."
Nami, naapa, niliuona mkono wangu wa kulia
ukisogea wenyewe, inchi tatu,
ukivuta hewa.
Nikauficha mfukoni.
Hakukuwa na waziri chumbani,
wala foleni. Theluji tu, na sisi wawili.
"Hapana," nikamwambia.
"Iache tasa."