Shule ya Presha

Nimeandika kwa kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia,
maana ya buluu iliisha wino siku ya pili:
Kageha Amugune. Fuwele. Wiki mbili, ng'ambo.
Wenye shule wamelipa ada na kitanda.
Tikiti, viza, bima na koti: sisi.

"Sisi" ni neno jepesi kulitamka.

Mimi ni fundi wa maabara hapa Maseno,
miaka kumi na tisa naosha vyombo vya kioo
na kuwakanya wanafunzi wasionje kitu.
Sikusoma mbali. Ila daftari la mchango
nililiomba mwenyewe, kabla halijapewa mtu
mwenye mwandiko mzuri na mfuko uliotoboka.

Sokoni Luanda, Truphosa wa omena
alinisikiliza huku akifukuza nzi.
"Shule ya nini?"
Ya presha, nikasema. Presha kubwa kupindukia.
"Presha! Basi niandike mia mbili.
Mimi ninayo tangu nimzike mume wangu,
na vidonge kule hospitali ni hadithi.
Huyo mtoto akirudi, aanze na mimi."

Ningemsahihisha. Kalamu nyekundu nilikuwa nayo.
Nikaandika: Truphosa, 200.

Usiku ile mia mbili ilinikalia kifuani.
Asubuhi nikarudi na chumvi ya mawe kwenye karatasi.
Si damu, mama, nikamwambia. Ni hivi:
ndani ya punje hii vitu vimejipanga
kama mahindi kwenye gunzi, mstari kwa mstari.
Unachukua punje ndogo kuliko yai la chawa,
unaibana kati ya almasi mbili, ncha kwa ncha,
unakaza skrubu, unakaza,
mpaka uzito wa mlima uketi
mahali ambapo hata sindano ingeomba nafasi.
Punje haisagiki. Inajipanga upya.
Ndipo unaimulika kwa eksirei, uone imejipangaje.

Akanyamaza. Akachukua chumvi yangu, akaionja.
"Kwa hiyo si dawa."
Si dawa.
"Na hizo almasi, anaachwa nazo peke yake?"
Sikuwa na jibu.
"Nirudishie mia moja ninunue vidonge.
Hiyo nyingine iende naye."

Nikakata 200, nikaandika 100.
Katika daftari zima, hakuna tarakimu
ninayoweza kuitetea mbele ya mtu kama hiyo.

Wengine: mjomba wake, mpima miwa Muhoroni,
alileta kilo nne za sukari na kusema nazo ni fuwele,
tuziuze. Tuliziuza. Walimu wa kemia, elfu tisa.
Mkuu wa kitivo yumo kwenye safu ya Ahadi,
safu ndefu, yenye majina makubwa na kivuli kizuri.

Kageha mwenyewe hakuomba mtu.
Alikuja kwangu mwaka wa kwanza na chupa ya jemu,
ndani yake majivu ya maganda ya ndizi ya nyanya yake
yaliyochujwa, yakaachwa dirishani yakauke.
Chini, vijiti vyeupe, vyembamba, vyenye kona.
"Nani amevifundisha kona?" akauliza.
Namwona bado anauliza.

Zimebaki elfu thelathini na mbili na siku kumi na moja.
Ubalozi unataka kuona akaunti iliyoshiba.
Tumeweka pesa zote humo, na hakuna anayezigusa,
hata mwenye njaa.

Leo, saa kumi, mvua ya kila siku imefika kwa wakati,
stima imepotea, na yeye hajaondoka.
Amevaa koti la mtumba nililomtafutia Kibuye,
zito, la mtu wa barafu, hapa kwenye ikweta,
jasho linamtiririka hadi kidevuni.
Mbele yake, kibanio alichochongewa na fundi wa jua kali
kwa chuma cha shokabzoba ya pikipiki.
Hakina almasi. Kina punje ya sukari.
Ameshavunja kumi na moja.

Anashusha pumzi. Anakaza robo mzunguko.
Anangoja.
Robo tena.