Mawazo Yana Pua

Saa mbili, masjala ya Chumbageni.
Bwana Semhando namtambua kabla ya hatua zake:
marashi makali, wino wa muhuri, sigara ya jana.
Kibofu kinajikunja kama mtoto aliyeitwa ubaoni.
Na nimetoka chooni sasa hivi. Sasa hivi!

Daktari wa Bombo kapima mkojo mara tatu: safi.
"Una mawazo, Mwanakheri."
Kumbe mawazo yana pua.

Leo Mama Kupaza wa usafi kanitilia kiganjani
jani la mchaichai, kalifikicha kwa kucha.
Nanusa.
Jikoni kwa bibi, Pongwe, birika linachemka,
hakuna anayenidai faili.

Semhando anapita.
Nahesabu hadi arobaini, magoti nimeyabana.
Arobaini na moja.
Bado nimekaa.