Mtoto wa Jicho

Mama hakukiona kitako cha kopo.
Miaka mitatu aliuza unga wa mihogo, soko la Kadutu,
macho yake maziwa yaliyoganda,
akipima kwa kiganja, akifuta ukingo kwa kidole,
akiwaambia wateja:
"Wewe tazama kama limejaa, mwanangu,
macho yangu mimi yamekwenda."
Wakamwamini. Nani angemshuku kipofu?

Nyundo ilikuwa yangu.
Usiku, nyuma ya nyumba, pale mteremko unapochungulia ziwa,
nililipindua kopo na kuligonga polepole,
nikitega sikio mlangoni kila baada ya pigo,
hadi kitako kikaingia ndani
kama tumbo la mtu aliyelala njaa.
Vidole viwili vya unga, kila kopo.
Nilihesabu: ada ya Nsimire, mafuta ya taa, kodi,
kisha nikaacha kuhesabu.

Jumapili moja Shemasi Bagalwa alisoma habari ya taa na jicho,
kwamba likiwa safi, mwili wote huwaka hadi vyumba vya nyuma.
Mbele yangu aliketi Zihalirwa,
yule anayeficha mawe katikati ya gunia la mkaa.
Nikaitazama shingo yake, nikasema moyoni:
Sikia hilo, bwana.
Kibanzi chake nilikiona vizuri,
ningeweza hata kukuambia ni cha mti gani.

Wakaja madaktari wa macho.
Akina mama wa likelemba walichanga,
Mama Cibalonza wa nyanya akawa wa kwanza,
faranga zake zimekunjwa kwenye ncha ya kitenge,
yeye aliyenunua kwetu kila jioni,
yeye mwenye watoto saba.
Niliandika jina lake kwenye daftari. Mkono haukutetemeka.

Siku ya kufungua bandeji umeme ulikuwa umekatika.
Sista akasukuma dirisha.
Mama akasema: "Ziwa."
Akasema: "Umekonda."
Akacheka peke yake kwa muda mrefu.

Kesho yake alikwenda kuosha kopo.
Akaligeuza. Akaliinua kwenye mwanga wa mlango.
Akaingiza vidole viwili pale palipobonyea,
vikaenea.

Macho hayana pazia, na yake yalikuwa mapya,
kope zilikuwa hazijajifunza kuyasitiri.
Alinitazama kama mtu anayetafuta kina cha maji
kabla ya kuvuka.
"Daktari amenitoa mtoto wa jicho," alisema.
"Huyu wa tumbo, sijui atatolewa na nani."

Nilikumbuka lile neno kali la kung'oa na kutupa.
Ningeng'oa lipi?
La kulia lililolenga nyundo,
au la kushoto lililofumba?

Nilidhani atalitupa kopo. Hakulitupa.
Alilibeba hivyo hivyo hadi sokoni,
akanikalisha kando yake juu ya gunia,
akajaza, akafuta ukingo,
kisha kwa kila mteja akaniambia, "Ongeza."
Mkono wangu, unga wetu, konzi moja, nyingine.
Watu waliuliza kuna nini leo.
"Ni deni," alijibu. Hakusema la nani.

Jioni alifika Mama Cibalonza na beseni lake.
Nilichota. Nikainua kichwa.

Macho yake ni ya kahawia, yana doa dogo upande mmoja.
Miaka mitatu alisimama mbele yangu
nami sikulijua.