Barua ya Rambirambi, Nakala ya Pili

Somoe, umeitoa barua yangu zidakani,
nyuma ya kikombe cha Kichina kisicho na mkono,
ukaiweka mbele yangu pamoja na kahawa.
Hukusema neno. Ukarudi jikoni.

Karatasi ya serikali haichakai upesi.
Nembo ingali juu, na nambari ya kumbukumbu,
na maneno yaliyopigwa chapa na karani wangu:
"Nimepokea kwa masikitiko makubwa taarifa ya kifo cha mama yetu mpendwa."
Na chini kabisa, kabla ya muhuri:
"Tafadhali pokea, dada, uthibitisho wa heshima yangu ya juu."

Heshima yangu ya juu!
Kwako wewe uliyenifundisha kufunga kikoi kisidondoke.

Wacha nikueleze, si kujitetea.
Wiki ile nilikuwa Ankara, ghorofa ya tisa,
wajumbe kumi na wanne na mkato mmoja.
Hawa wautaka baada ya neno "mara moja",
wale hawataki hata kuuona.
Siku tatu, Somoe, kwa alama ndogo kuliko sisimizi,
maana bila mkato ule bunduki zingenyamaza leo,
na pamoja nao zingenyamaza wenyewe wakipenda.
Simu yako ilinikuta ukumbini.
Nikasema, "Nakuja."
Nikarudi ndani, nikanywa maji, nikaomba kuzungumza.

Mkato uliondolewa. Tukapeana mikono, tukapigwa picha.
Kwenye picha natabasamu,
na mama ana siku mbili mchangani.

Miaka thelathini na minne.
Nilijifunza kusema hapana kwa kusema "tutalizingatia",
kula bila kushiba, kucheka nusu,
kujua nani asikalishwe karibu na nani
na kwa sababu ya vita gani.
Nilipeleka hati za utambulisho kwa marais watano
na kwa mfalme mmoja ambaye hapewi kisogo;
nikatoka kwake kinyumenyume, nikihesabu hatua,
nikiogopa zulia.
Mjumbe hauawi, wamesema wa kale. Kweli, hauawi.
Hutumwa tena, na tena,
hata akirudi hajui arejeshe majibu kwa nani.

Nilishuka gatini na masanduku sita.
Bendera ndogo ya gari imo ndani ya moja,
imekunjwa kama leso ya mgonjwa;
hapa Mkomani hakuna gari, wala pa kulipitisha.
Punda aliyebeba mawe alinibana ukutani,
kijana akanipigia kelele, "Simile, mzee!"
Punda hajui itifaki.
Nikamwuliza muuza mikate njia ya kwa kina Famau.
Akacheka hadi kapu likamtetemeka:
"Ati njia! Hapa ni ndia. Wewe ni wa wapi?"
Mimi, niliyezaliwa chumba cha ndani cha nyumba hii,
mdomo ukanitangulia kwa mazoea:
"Naiwakilisha..."
nikanyamaza hapo.

Umerudi kutoka jikoni, mikono ina unga.
Umeigusa barua kwa kidole kimoja.
"Hini si yako, Lali. Andika nyengine."

Nimeomba kalamu. Mjukuu wako ameniletea penseli ya shule.
Nimeandika "Kwa heshima", nimefuta.
Nimeandika "Kufuatia taarifa", nimefuta,
penseli imetoboa karatasi.
Nimetafuta lugha zangu nne, zote zimevaa suti.
Chini kabisa, chini ya zote, nimeikuta moja peku,
ile aliyotukemea nayo tukichezea kisima:

Mama alikufa na mimi sikuya.

Hakuna mkato.
Sahihi imenishinda. Balozi? Lali?
Au lile jina la utotoni ambalo aliyeliita peke yake ndiye huyu?

Umeisoma ukiwa umesimama,
midomo ikienda kama ya mtu anayehesabu mishono.
"Kahawa yako imepoa," umesema,
umekichukua kikombe.
Barua mpya umeiacha mezani, wazi.
Ile ya zamani umewashia jiko.