Muhuri wa Dirisha la Nne

Ofisi ya ardhi, Osijek, ghorofa ya chini:
mimi ndiye Ljerka wa dirisha la nne.
Muhuri huu wenye mpini wa mbao
nimeushika miaka thelathini na mmoja.
Pete ya ndoa haikukaa hata nusu yake.

Februari akaja kijana kutoka Zagreb,
Tvrtko, theluji ingali kwenye viatu,
akatukusanya chumba cha kahawa, akasema:
Mihuri imefutwa. Bunge limeshapiga kura.
Sahihi inatosha, na mwakani
hata sahihi hatutaihitaji,
mashine zitaulizana zenyewe.

Hatukumpinga. Nani kasema tulimpinga?
Tulimkatia keki ya jozi.
Mkuu wetu, Bwana Šimunić, akamshukuru dakika kumi nzima,
kisha tukaomba, kwa adabu, agizo liletwe kwa maandishi.
Likaja. Tukaligeuza mbele na nyuma
kama mama anayemsaka mtoto chawa,
tukalirudisha Zagreb na kikaratasi:
Halina muhuri.

Watu hudhani ofisi hukataa kwa ukali.
Ofisi haikatai. Husema ndiyo,
na ndiyo ya Jumatatu, Jumatano ni "linashughulikiwa",
Ijumaa ni kamati ya watu saba
na wa saba yuko likizo, mgongo unamsumbua.
Haba na haba hujaza kibaba;
sisi chetu tulikijaza vumbi, tukakifunga kwa uzi,
tukakiandikia namba.

Lakini kuna jambo Tvrtko hakuniuliza.
Vita vilipoanza nilikuwa mwanagenzi hapa.
Tulishusha majalada kwenye stoo ya makaa,
usiku, kwa toroli la hospitali,
makombora yakikohoa ng'ambo ya mto Drava.
Walionusurika walirudi wakakuta ukuta mmoja na mti wa plamu.
Wakaja dirishani na karatasi zilizofichwa kwenye soksi,
maandishi yametoroka, sahihi imekuwa doa,
ila duara la buluu lipo.
Nililigusa kwa kidole nikasema: Ni pako.
Hapo mashine ingegusa nini?

Hivyo ndivyo nilivyojihesabia haki, nikalala usingizi.

Juni akaja Stipan Galović,
mmoja wa wale wa soksi.
Anataka kumwandikia mjukuu wake shamba
kabla hajalisahau jina lake; na tayari linamponyoka.
Nikampandisha ghorofa ya pili akapigiwe muhuri wa uthibitisho,
ule ule uliofutwa.
Ghorofa ya pili wakamshusha,
maana mwenye ufunguo wa kabati yuko mazishini.
Akapanda tena, sijui kwa nini. Sikumwona.
Saa kumi, nimeshafunga pazia, nikamkuta ngazini
ameshika tiketi namba 117,
ananiuliza: hii treni inapita Đakovo?

Nikamshika mkono nikamrudisha dirishani.
Nikaiweka karatasi mezani,
nikatia sahihi tupu, kama sheria inavyosema,
sheria ambayo ningeifuata tangu Februari
na dari lisianguke.
Ilichukua muda wa kupiga chafya.

Mzee akaiinua karatasi kwenye mwanga.
Akaigeuza. Jina la mjukuu limempotea,
na langu, na la mtaa,
lakini kidole chake kilikwenda moja kwa moja
kwenye kona ya chini, kulia, palipo peupe.
Binti, akasema, muhuri uko wapi?

Nikafungua droo.