Kata

Chumbani Al Khuwair, juu ya duka la viyoyozi,
saa nane za usiku, nakata.
Mama kwenye simu: "Unakata nini mpaka saa hizi, vitunguu?"
Nakata maji, mama.

Maji ya falaji, kijiji cha nyuma ya Izki,
zamu ya Bi Zuwena binti Shamis:
nusu saa, kila siku ya nane.
Wenyewe huiita athari, na kweli huacha athari,
mchanga hubadili rangi, mitende hushusha pumzi.
Kamera ilitulia dakika zote thelathini.
Mezani nikazifanya sekunde nne:
jembe linafungua tope,
kata,
maji yamefika kisiginoni,
kata,
jua limeshahama ukuta.
Jicho hupenda kurukishwa mtaro;
likitua ng'ambo, halikumbuki kama halikulowa.

Lugha yetu iliijua kazi hii kabla yangu:
tunakata kiu, tunakata shauri, tunakata tamaa,
mgonjwa hukata roho, msafiri hukata tikiti,
na ile kata ya kifuu juu ya mtungi wa bibi
ilichota maji bila kuyatia jeraha.
Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitafuta.
Siipati kila usiku.

Zuwena ana dada, Thuwaiba, yuko Sohar.
Miaka tisa hawajaamkiana,
kisa athari moja ya marehemu baba yao:
nani arithi maji ya alfajiri,
nani ya mchana, yanayonywewa na jua njiani.
Huyu nilimpiga picha Februari, yule Aprili.
Zuwena aliinua uso, akatazama kulia:
mbuzi alikuwa anatafuna kamba ya nguo.
Thuwaiba aligeuka kushoto:
lori la gesi lilikuwa linarudi kinyumenyume, likilia.
Nikamtoa mbuzi. Nikalitoa lori.
Nikaweka uso huu,
halafu ule,
halafu huu tena, kwa kitambo kirefu kidogo, pumzi mbili hivi.
Wakaonana.
Wallahi wakaonana, na mimi peke yangu mle chumbani
nikajikuta nimeshika mdomo.

Mlio wa maji nikaupitisha chini ya nyuso zote mbili
ili mshono usionekane.

Tukaonyesha kijijini, shuka jeupe kwenye ukuta wa sabla,
halua, kahawa, watoto wanapitisha vidole mbele ya taa.
Thuwaiba alikuja na mwanawe, akakaa safu ya nyuma.
Zamu ya maji ilipopita, zile sekunde nne,
Zuwena akasema kwa sauti:
"Na maji yangu mengine umempa nani?"
Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Kisha nyuso.
Kutoka nyuma, kwa Kiswahili cha utoto wao Wete:
"Mimi sikumtazama mtu. Palikuwa na lori."
"Nimekuona," akasema Zuwena, hakugeuka.
"Lori, Zuwena."
"Nimekuona."

Taa zikawashwa. Mtu akamwaga kahawa, akaomba radhi.
Nani alimsindikiza nani mpaka garini
sikupata kujua, nilikuwa nakunja nyaya.

Sasa nimerudi mezani.
Nimezirudisha dakika thelathini, zote, bila mkato,
maji yaende kwa mwendo wao.
Mwenye fedha atalalamika: nusu saa ya mtaro, nani atakaa?
Dakika ya tano, nami nilitaka kukimbia.
Ya kumi na mbili, nikaanza kusikia kokoto.
Ya kumi na tisa, mkono unaingia pembeni mwa picha,
una bangili moja ya fedha,
unaokota jani lililoziba njia,
unatoka.

Sijui ni wa nani.
Siku ile, nyuma ya kamera,
nilikuwa natazama saa.